Mwenzangu ofisini kabadilika, mkuu anasema dawa ni semina. Nifanyeje?

Mwl_Nukta:
Wakuu habari zenu. Mimi mwalimu, mwaka huu nimepewa uongozi wa idara na bado sijauzoea. Kuna mwenzangu kanizidi miaka mingi kazini, ndo aliyenipokea nilipoanza, mtu wa vicheko ofisi nzima. Sasa tangu muhula huu uanze akimaliza kipindi harudi ofisini, anabaki kwenye darasa tupu mpaka kengele, madaftari yamerundikana mezani wiki ya tatu hayajasahihishwa, na mwanafunzi akiuliza swali anajibiwa mkato. Juzi nimemkuta stoo ya vitabu analia, akasema ni vumbi. Nikamwambia mkuu wa shule, akasema ataleta mtu atufundishe kujitunza, Ijumaa baada ya kazi, masaa mawili. Nilipompa mwenzangu habari hizo akacheka kicheko ambacho sikukipenda, akasema "yaani hata kupumzika mmenipangia kipindi". Nimsaidieje bila kumdhalilisha?

ChakiMkononi:
Semina weka pembeni kwanza, chukua ratiba yake upige hesabu. Madarasa matano ya watoto 40 ni madaftari 200, ukimpa kila mmoja dakika 3 tu hayo ni masaa 10, na hapo ni zoezi moja, hujagusa maandalio wala zamu. Mtu wa hivyo hana shida ya kutojua kujitunza. Mpunguzie kitu kinachohesabika.

Mzee_wa_Kengele:
Sisi tulifundisha watoto wengi kuliko hao na hatukulia stoo. Kizazi hiki mnapenda sana majina ya magonjwa.

Binti_Mwalimu:
@Mzee_wa_Kengele shikamoo mzee. Baba yangu alikuwa mwalimu wa enzi zenu. Kazini hakulia kweli, akirudi nyumbani tulikuwa tunalia sisi.

Nesi_wa_Zamu:
Niongeze kidogo kama mtu wa afya. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, limeuweka uchovu uliopitiliza wa kazini kama hali inayotokana na kazi, halijauita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huna tena unachokifanya kikafaa. Kwa maelezo yako mbili za kwanza naziona. Ila sonona ni kitu kingine na inaweza kujificha humo humo. Kama hata siku za mapumziko hafurahii chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, na hali imedumu wiki mbili au zaidi, aende akaonane na daktari, tena apimwe na damu maana upungufu wa damu au shida ya tezi ya shingo navyo vinachosha mtu hivyo hivyo. Na ukihisi kakata tamaa sana muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Watu wanaogopa eti utampandikizia wazo, haiko hivyo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mpeleke apate msaada siku hiyo hiyo.

Niliyewahi_Kuungua:
Mimi yalinikuta. Nilichochukia zaidi ni kuulizwa "uko sawa?" mbele ya ofisi nzima, unajibu niko sawa ili waache kukuangalia. Aliyenisaidia alichukua madaftari yangu wiki mbili, hakutangaza, hakuniuliza chochote, siku moja tukiwa tunatembea kuelekea getini nikamwambia mwenyewe. Halafu chunguza na grupu la WhatsApp la wazazi. Mimi nilikuwa naulizwa alama za mtoto saa 5 usiku na najibu, mjinga mimi.

Mwl_Nukta:
Nimerudi wakuu. Nilichukua madaftari ya madarasa mawili kama mlivyosema, jana akanifuata. Kumbe mzigo wenyewe siyo madaftari. Kuna mwanafunzi kamweleza mambo mazito ya nyumbani kwao, akamwapisha asimwambie mtu, na mwalimu wa watu akaahidi. Tangu hapo halali.

Nesi_wa_Zamu:
Hapo ndo penyewe. Ahadi hiyo haifai kutunzwa kama mtoto yuko hatarini, inabidi ifike kwa mwalimu wa ushauri na wahusika wa ulinzi wa watoto, leo siyo kesho. Mtoto aelezwe ukweli kwamba siri imebidi itoke ili asaidiwe. Na mwenzako naye atafute mshauri wake mwenyewe, kubeba maumivu ya watoto kunaumiza mbebaji.

ChakiMkononi:
Duh. Na mimi nilikuwa napiga hesabu za madaftari.

Mwl_Nukta:
Tumeenda wote wawili asubuhi hii kwa mwalimu wa ushauri, nimekaa nje namsubiri. Katoka macho mekundu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Semina bado ipo Ijumaa, mkuu kagoma kuifuta, ila kakubali iwe ndani ya saa za kazi.