Dakika ya 88! Wamenitoa mechini dakika ya 88!

Wadau, mikono bado inatetemeka. Hao jamaa wa mashine ya gemu mnawajua, sitawataja. Saa nne usiku, niko Manyatta, naongoza 2-1 kwenye gemu ya mpira mtandaoni dhidi ya binamu yangu wa Nakuru aliyenitambia tangu Krismasi. Dakika ya 88 nimepata kona. Mpira uko pale kwenye kibendera. Skrini ikawa nyeusi tititi, maandishi meupe: muda wa usajili wako umekwisha. Chini yake, LIPIA. Na mechi ikaandikwa nimekimbia, kipigo 3-0!

Mashine nilinunua. Gemu nikanunua. Intaneti nalipia, stima nalipia. Sasa nilipe tena ndio nikutane na binamu yangu, kana kwamba anaishi sebuleni kwao! Na kulipa kwenyewe ni mateso. Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi, ikabidi nijiandikishe kama mkazi wa Uingereza. Kadi ya benki ya huku wanaikataa, mpaka nimwamshe kijana wa WhatsApp aniuzie vocha ya pauni. Dakika ya 88! Mpira kwenye kibendera!

Omena_Kavu: Kona si goli, buda.

Mzee_wa_Padi: Tuliokuwa na mashine ya PS3 tulicheza mtandaoni bure tangu 2006. Xbox Live, huduma ya mtandaoni ya mashine za Xbox, ilikuwa ikilipisha tangu 2002, PS4 ikafuata mkondo huo 2013, Nintendo naye akaanza 2018. Utahamia wapi?

Mwenye uzi: Nalia dakika ya 88, unaniletea historia!

Jembe_Kakamega: Cheza Fortnite, ile gemu ya risasi, haidai usajili.

Mwenye uzi: Fortnite ina kona?

Section58: Una bahati una stima ya kuchezea. Huku giza tangu alfajiri, naandika hii na asilimia 4 ya chaji.

Jembe_Kakamega: Sisi ni siku ya tatu. Transfoma ililia mara moja mvua ilipoanza, basi.

Section58: Na bili itakuja vilevile.

Mama_PS_Kondele: Njooni kwangu, gemu moja shilingi 20, padi mbili, usajili hakuna. Ila aliyenivunjia kitufe Jumamosi akaondoka kimya ajitokeze.

Omena_Kavu: Ni yule wa jezi ya timu ya Gor.

Mama_PS_Kondele: Kondele nzima ina jezi ya Gor!