Tupeane uzoefu: kava lako la kwanza la kochi ulilishonaje?

#1
Habari zenu wadau. Juzi usiku nimemaliza kushona kava la kochi langu la watu wawili, la kwanza maishani, kabla ya hapo nilishazoea foronya na kupunguza suruali za watoto tu. Naomba wote mliopita njia hii mseme mlichokutana nacho, wengine wanunue kitambaa wakiwa wanajua. Naanza mimi.

Nilikosea kwenye kupima. Nilipima kochi kama mtu anavyopima meza, urefu na upana, nikaongeza kidogo cha mshono nikakata. Kava likakaa safi kabisa mpaka mtu alipokaa. Alipokaa tu mgongoni likashuka na mshono wa kwenye mkono ukaachia hapohapo. Nikaja kuelewa kwamba mtu akikaa sponji inabonyea, na kitambaa nacho lazima kiwe na pa kutokea. Pitisha kiganja pale mgongo unapokutana na kikalio, kuna mfereji mkono unazama mpaka kwenye kifundo, basi humo ndo kinachomekwa kitambaa cha ziada. Nikafumua, nikaunga sentimita 15 kwenye mgongo na 15 kwenye kikalio, pembeni kwenye mikono hivyohivyo, nikachomeka nikakandamizia na magazeti niliyoviringisha yakawa kama mwichi mwembamba. Sasa hivi watoto wanaruka na halichomoki.

#2
Asante mkuu kwa uzi huu. Langu mimi lilinipendeza sana mpaka siku nilipolifua. Kitambaa cha pamba, nilikikata kikiwa kipya vilevile kilivyotoka dukani, kilipofuliwa kikarudi na zipu ikawa haifungi tena. Fueni kitambaa KWANZA, kwa maji yaleyale mtakayokuja kufulia kava, kama ni ya moto basi ya moto, kianikwe, kipigwe pasi, ndo mkasi uguse. Ni siku moja tu ya kusubiri jamani.

#3
Mimi sikutumia vipimo vya karatasi hata kidogo, nilifundishwa na mama mmoja fundi makochi nikiwa nimekaa nae anashona, na naona kwa anayeanza njia yake ndo rahisi. Unatandika kitambaa juu ya kochi ndani nje, yaani upande mzuri unaangalia kochi. Unaanza katikati ya mgongo unateremka, kisha kikalio, mikono, mbele, na mgongo wa nyuma unakuja mwisho. Unaunga vipande kwa pini palepale kwenye kochi, unachora chaki, unakata ukiacha sentimita 2 au 3 za mshono, ukishashona na kujaribu ndo unapunguza. Kwenye mviringo wa mkono usiwe na haraka. Pale mbele ya mkono mimi niliweka pini karibukaribu, upana wa kidole kimoja hadi kingine, na ule mkunjo wa ziada nikaugawa kidogokidogo mpaka ukaisha wenyewe, maana ukiusukumia sehemu moja unatokea kama kidonda. Baada ya hapo nikapiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kabla ya cherehani.

Ila njia hii ina tego moja sijaona watu wakilisema. Ukipima ndani nje halafu ukageuza kava, kipande cha mkono wa kushoto kinaenda kuvaa mkono wa kulia. Kochi likiwa sawa pande zote hakuna shida, ila langu upande mmoja sponji ilishalala kwa kukaliwa, basi mkono mmoja ukabana na mwingine ukapwaya, nikalia kabisa siku ile. Kochi lililochoka upande mmoja pima upande mzuri ukiwa nje, chora chaki, weka alama za kushoto na kulia kwenye kila kipande, ndo ugeuze ushone.

Na kama kitambaa kinakuuma, fanya yote haya kwanza na mashuka makuukuu. Likikaa vizuri unalifumua, vipande vile ndo vipimo vyako.

#4
Naulizia, cherehani ndogo ya nyumbani inaweza kweli? Nataka kushonea jinzi.

#5
#4 inaweza, yangu imeweza. Badilisha sindano, weka ya jinzi namba 100/16, uzi wa poliesta, mshono uwe mrefu kidogo milimita 3 hadi 3 na nusu. Pale tabaka zinapokutana nne au tano toa mguu kwenye pedali uzungushe gurudumu kwa mkono polepole, sindano haitavunjika. Na punguza pindo za ndani zisirundikane hapo.

Paipini, yaani ule utepe wenye kamba ndani unaoshonewa kwenye mishono, mimi nasema achana nayo kwenye kava la kwanza, najua inapendeza ila inakuongezea kazi kila mshono.

#6
#5 hapo kwenye paipini tunatofautiana kidogo, mimi ilinisaidia kuficha mshono uliopinda. Ila nakubali ni kazi, ule utepe lazima ukatwe mshazari nyuzi 45 ndo uzunguke kona bila kukunjamana.

Nichangie upande wa mito ya kukalia. Kona zilinisumbua wiki nzima. Ule ukanda wa pembeni, ukifika kona, simamisha cherehani sindano ikiwa imezama, uchanje ukanda kidogo bila kugusa mshono, geuza, endelea. Kona inakaa mraba. Na zipu iwe ndefu, ipite nyuma na iingie pembeni kidogo kila upande, zipu fupi utapigana na sponji kila ukitaka kufua.

#7
Wa mahameli, vinyweleo vyake vinalala upande mmoja, vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja. Mimi niligeuza kimoja kubana kitambaa, mpaka leo mkono mmoja unaonekana mweusi kuliko mwingine.

#8
Jamani mbarikiwe. Mlitumia mita ngapi?

#1
#8 inategemea kochi, mimi nilichora vipande vyote kwenye karatasi nikavipanga ndani ya upana wa kitambaa, wangu ulikuwa sentimita 140, ndo nikajua. La watu wawili na mito yake miwili lilikula mita 9. Kipande kilichobaki nimeshonea vifuniko vya ziada vya mikono, maana ndo panapochafuka haraka, navitoa nafua hivyo tu.