Laptopu kwenye TV ya inchi 32: kingo zimekatika, maandishi yana ukungu, sauti haitoki. Ninunue waya mwingine?

kijana_wa_ubungo:
Wakuu, salama? Naombeni msaada. Laptopu ni ya Windows 10, kioo inchi 14. TV ni inchi 32 ya kawaida. Nimechomeka waya wa HDMI wa mita 3, picha imekuja bila shida, ila upau wa chini wenye kitufe cha Start umezama nje ya kioo, na juu ile X ya kufungia dirisha inaonekana nusu. Pili, Excel haisomeki vizuri, herufi zina ukungu. Tatu, sauti inatokea kwenye laptopu, TV kimya. Dukani wanasema waya wangu ni wa bei poa, nichukue ule wa "8K" wenye vichwa vya dhahabu. Nichukue?

FundiRimoti:
Usichukue mkuu, hela yako itapotea bure. HDMI ni dijiti. Waya ukiwa mbovu utaona chenga za vidoti vyeupe, au kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili kisha kinarudi, au TV inaandika "No Signal". Kukata kingo na kutia herufi ukungu si kazi ya waya. Hiyo ni mipangilio.

Anza na kingo. TV nyingi zinakuza picha kidogo na kumeza pembeni, tabia iliyobaki tangu enzi za TV za chogo. Shika rimoti, ingia kwenye menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha. Kwa LG chagua "Just Scan", kwa Samsung "Screen Fit", kwa Sony "Full Pixel". Chapa nyingine huandika "1:1" au "Dot by Dot". Fanya hivyo ukiwa kwenye HDMI yenyewe, si kwenye chaneli, maana TV nyingi zinatunza mpangilio wa kila ingizo peke yake. Usipoiona kabisa, nenda kwenye orodha ya maingizo, badilisha jina la HDMI hiyo liwe "PC". Kwa baadhi ya TV jina hilo si pambo: likiwekwa, TV inaacha kuikuza picha.

Kuna watu watakwambia upunguze picha kupitia programu ya Intel kwenye laptopu. Upau utarudi, sawa, lakini ukungu utazidi, kwa sababu picha itakuwa imepunguzwa na laptopu halafu ikakuzwa tena na TV. Iwe njia ya mwisho.

Mzee wa Pikseli:
Naongezea kwenye ukungu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. TV nyingi za inchi 32, hasa zenye nembo ya "HD Ready", kioo chake ni pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1366 kwa 768. Inapokea mawimbi ya 1920 kwa 1080 bila kulalamika, ndiyo maana Windows inayachagua, lakini ndani TV inayabana yaingie kwenye kioo kidogo. Filamu haitakuonyesha tofauti. Herufi nyembamba za Excel zitakuumbua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Extend". "Duplicate" achana nayo kwa kazi hii, inalazimisha vioo viwili vitumie kipimo kimoja. Kisha Settings, System, Display, bofya kisanduku namba 2 ambacho ndicho TV, shuka hadi "Display resolution", weka 1366 x 768. Isipokuwepo, 1360 x 768. Ukimaliza fungua "Advanced display settings": namba ya "Desktop resolution" na ya "Active signal resolution" zifanane. Zikipishana, bado kuna mahali picha inabanwa.

Na "Sharpness" ya TV ishushe, kwa TV nyingi karibu na 0. Ikizidi, kila herufi nyeusi inavaa pindo jeupe.

FundiRimoti:
Sauti nilisahau. Bofya alama ya spika pale chini kulia, juu ya kile kijiti cha sauti kuna mshale, ubofye, chagua jina la TV. Kama jina halipo, bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, kwenye "Playback" bofya kulia mahali patupu, weka tiki "Show Disabled Devices", kisha uiwashe. Programu iliyokuwa inacheza wakati huo ifunge uifungue upya.

dada_wa_mtaa_wa_pili:
Samahani kudandia uzi. Laptopu yangu ya zamani ina VGA tu, lile tundu la picha la kizamani. Nimeona waya wenye VGA upande huu na HDMI upande ule, utafaa?

Mzee wa Pikseli:
Hapana dada. Waya mtupu hauwezi kugeuza analojia kuwa dijiti, lazima pawe na chipu. Tafuta adapta yenye kikopo, iandikwe VGA kwenda HDMI. Ya HDMI kwenda VGA inafanana nayo kabisa na haifanyi kazi kinyume. Iwe na mkia wa USB wa kuipa umeme na pini ya 3.5 mm ya sauti, kwani VGA haibebi sauti.

Na wenye USB-C: si kila tundu la umbo hilo linatoa picha. Linatakiwa liwe na DisplayPort, yaani njia ya kutoa picha, ndani yake. Angalia alama ya D na P pembeni ya tundu, au ya radi kwa Thunderbolt. Lisilo na alama, soma kwanza maelezo ya modeli yako.

mtundu_wa_soketi:
Jambo moja hamjaligusa. Kama TV ina king'amuzi na waya wa dishi kutoka nje, usichomeke HDMI vyote vikiwa vimewashwa. Kwenye nyumba isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), ule mtekenyo unaousikia ukigusa bati la laptopu unapita pia kwenye waya, na matundu ya HDMI yameungua sana kwa namna hii. Chomoa TV na chaja ukutani, unganisha, halafu vyote viwe kwenye ekstensheni moja ya pini tatu.

kijana_wa_ubungo:
Wakuu, 1360 x 768 imekubali, Excel inasomeka na upau upo. Sauti pia. Swali la mwisho: nikifunga kifuniko cha laptopu, TV inazima.

FundiRimoti:
Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", weka "Do nothing" upande wa "Plugged in" tu. Upande wa betri uache kama ulivyo, isije ikabaki imewashwa ndani ya begi. Na ikifungwa usiiweke juu ya kitanda, matundu ya feni yako chini.