MREJESHO: Yule wa kuogopa kuongea kwenye kikoba, Mbeya

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza nifanyeje, maana nikisimama kuongea kwenye kikoba chetu (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) hapa mtaa wa Soweto sauti inakata. Mlisema nianze na jambo dogo kila siku. Nikachagua kuamka saa kumi na moja alfajiri (baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua), natembea hadi sokoni Mwanjelwa na kumsalimia kwa sauti kila ninayekutana naye. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuacha. Kisha mama mmoja muuza viazi akaanza kuniita kwa jina, tukazoeana.

Jumapili nimesoma hesabu za kikoba mbele ya wanachama 27. Mikono ilitetemeka, sauti haikukata! Dada uliyeniambia nisisubiri woga uishe kwanza, asante sana. Mwezi ujao nagombea uweka hazina.