Kompresa ya gereji kutoa umeme usiku na kusukuma bajaji: hesabu inakaa?

GerejiTabata:
Wakuu, salaam. Kuna kompresa ya HP 2, tangi lita 50, inakata ikifika baa 8 (kipimo cha presha kwenye geji, si za bia). Paneli za sola zinaizungusha mchana bila shida. Wazo ni kujaza upepo mchana, usiku kuufungulia kwenye mota ya upepo iliyounganishwa na oltaneta ya gari, taa ziwake na simu zichajiwe. Baadaye bajaji: mitungi ya baa 200 kama ya bajaji za gesi, ila ndani upepo mtupu. Moshi hakuna, betri ya kubadilisha hakuna. Nakosea wapi?

Geji_na_Valvu:
Mkuu, unakosea kwenye ujazo. Tangi hilo likijaa lina wati-saa 16, tena kwa mota isiyopoteza kitu. Haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya uniti moja ya Luku (wati-saa 1,000).

Mota ndogo ya upepo kwa baa 6 inameza karibu lita 20 za hewa ya kawaida (kabla ya kubanwa) kila sekunde kwa kila kilowati inayotoa. Ya wati 100 basi ni lita 2 kwa sekunde. Kutoka baa 8 kushuka hadi 4, tangi limetoa lita 200. Sekunde 100, kwisha. Na oltaneta bado haijachukua chake.

Ukisema kompresa iendelee kujaza, HP 2 ya kawaida hutoa lita 120 hadi 130 halisi kwa dakika (namba kubwa ya kwenye lebo ni ujazo wa pistoni, si upepo unaotoka). Hiyo inalisha mota ya wati 100 huku yenyewe ikila wati 1,500. Nyingi ya hizo zinaondoka kama joto: bomba linalotoka kwenye kichwa cha kompresa kwenda tangini linaunguza mkono, na hadi usiku tangi limeshapoa.

Upande wa kutokea ni kinyume, upepo ukitanuka unapoa vibaya. Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Karibu 20 zinabaki tangini. Zinazopita zinaganda kwenye tundu la kutolea, mota inazidi kuwa nzito hadi isimame. Kompresa ikifanya kazi saa nzima, tarajia gramu 150 hivi za maji. Fungua koki ya chini kila jioni presha ikiwa bado kidogo, la sivyo kutu inakula tangi kutokea ndani na nje huoni kitu.

Mtungi200:
Kwenye bajaji, mtungi unakudanganya kwa sababu unafanana. Lita 50 za gesi asilia kwa baa 200 ni kama kilo 8 au 9, joto lake linazidi uniti 100. Lita hizo hizo za upepo kwa presha hiyo hiyo: uniti 1.2 kinadharia. Gesi inaungua, upepo unasukuma tu. Na mtungi wa chuma wa hivyo una kilo 60 hivi, wakati betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, ina uniti 1.28 kwa kilo kama 12.

Wafaransa waliendesha tramu za upepo Nantes tangu 1879, lakini upepo ulipitishwa kwenye maji ya moto kwanza usigande, na safari zilikuwa fupi. Injinia Mfaransa Guy Nègre alijaribu tena na magari ya kampuni yake, MDI, Tata wa India wanaotengeneza magari wakasaini naye 2007. Hayakufika sokoni kwa wingi.

Halafu tafadhali, mtungi wa oksijeni usiujaze kwa kompresa yenye oili. Ukija kurudishwa kwenye oksijeni, mabaki ya oili yanawaka yenyewe.

GerejiTabata:
Nimekuelewa. Ila Ujerumani si wanahifadhi umeme hivi?

Geji_na_Valvu:
Ndiyo, kituo cha Huntorf, tangu 1978, na cha McIntosh kule Alabama, Marekani, tangu 1991. Hao wanatumia mapango ya chumvi chini ya ardhi, na bado wanachoma gesi kuupasha upepo kabla ya tabo (mashine inayozungusha jenereta).

Taa ziachie betri. Upepo wa sola utumie mchana kwa kazi za upepo: tairi, kupuliza rangi, kusafisha fyulta. Kwanza tafuta mvujo. Tundu la milimita 1 kwa baa 6 linapoteza lita 72 kwa dakika, zaidi ya nusu ya kompresa yako. Jaza, zima, soma geji, rudi baada ya nusu saa. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Bomba za PVC toa kabisa, zikipasuka zinarusha vipande kama vioo.

Inveta ikikata kila kompresa inapoanza, usikimbilie kununua kubwa. Sikiliza swichi ya presha inapozima: lazima itoe "tsss" fupi. Kama haitoi, kivalvu cha kuachia presha kimeziba, na mota inaanza ikiwa imebanwa na presha ya kwenye kichwa. Kifungue, kisafishe, jaribu tena.