Naomba ushauri: mjadala wa The Expanse, nianzie kwa maji ama kwa Marco Inaros?

Jamani wapenzi wa sayansi ya kubuni, nisaidieni. Vijana wa mtaani kwetu hapa Kisauni tumemaliza sizoni zote 6 za The Expanse, ile tamthilia ya TV ya binadamu waliotawanyika angani, na Jumamosi mimi ndo naongoza mazungumzo. Mie kinachonikamata roho ni vile ule ulimwengu umejengwa kutoka vitu vidogo, mfano watu wa Ukanda (wale wanaoishi kwenye ukanda wa asteroidi, kati ya Mars na Mshtarii) huongea kwa mikono sababu wamezoea kuvaa suti za anga, mifupa yao ni dhaifu kwa kukulia mvutano mdogo, halafu pale Ceres, sayari kibete ya huko Ukanda, barafu yote ilishachukuliwa na Dunia na Mars sasa wenyewe wanagawiwa maji kwa kipimo mpaka meli kama Canterbury ilete barafu toka pete za Zohali. Ukikaa Mombasa ukingoja mkokoteni wa maji hiyo huhitaji kuelezewa.

Lakini mwenzetu mmoja wa Taita akasema sisi watu wa Mombasa tunaokunywa maji ya chemchemi za Mzima, yanayotoka kwao, ndo Dunia, wao ndo Ukanda, na wallahi sikuwa na jibu.

Sasa shida, nikianza na Marco, yule kiongozi wa waasi wa Ukanda, wengine watamtetea kwa dhulma waliyofanyiwa wengine watasema aliyerushia Dunia vimondo akaua mamilioni hana utetezi, na hapo hakuna atakayemsikiliza mwenziwe. Nataka sana Naomi na Drummer, wanawake wawili wa Ukanda, nao wazungumziwe, maana wao walikataa njia yake bila kuwaacha watu wao. Mliowahi kuongoza mijadala kama hii, mlianzia wapi?