Tupeane uzoefu: ulichaguaje kishikio cha mbele na mkanda wa bunduki yako?

Mtutu Baridi:
Wakuu, jana nilikuwa nikisafisha bunduki yangu nikakuta alama ya kuungua kwenye mkanda, upana wa kidole gumba, pale ambapo utepe wa nailoni ulilalia mtutu baada ya risasi nyingi mfululizo. Nailoni ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya, ngumu kama ukucha. Mkanda huo niliuchagua kwa sababu ya rangi yake, na kishikio cha mbele, yaani mpini mfupi unaofungwa chini ya mtutu kwa ajili ya mkono wa mbele, nilikifunga kwa sababu nilikiona kwenye bunduki ya mwenzangu. Nimekifungua mara tatu na kukirudisha mara tatu, na bado mkono wangu haujakizoea. Naomba kila mmoja aeleze alivyochagua na yaliyomkuta, kabla sijanunua tena vitu vitakavyoishia kwenye droo. Bunduki yangu ni ya kujipakia yenyewe, mtutu wa sentimita 40 hivi, kinga ya mkono (ile inayouzunguka mtutu) ina matundu ya M-LOK, mfumo wa matundu marefu ya kufungia vifaa, na naitumia zaidi kwenye uwanja wa shabaha kuliko porini.

Nyasi Ndefu:
Droo hiyo kila mtu anayo. Yangu haifungi tena.

Bega la Kushoto:
Mimi nilianza na mkanda wa ncha moja, ule unaofungwa nyuma ya bunduki peke yake karibu na kitako, kwa sababu natumia mkono wa kushoto na nilitaka kuhamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine bila kujinasua kwanza. Kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Lakini siku ya kwanza nilipoinama kubandika karatasi za shabaha, bunduki ikiwa tupu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ikiwa wazi, nilipoiachia mikono ilibembea kama kengele, ikanigonga mahali ambapo mwanamume hapendi kugongwa, na niliporuka nyuma kwa maumivu ikarudi kunipiga goti. Wenzangu walicheka mpaka msimamizi wa uwanja akaja kuuliza kulikoni.

Sasa natumia wa ncha mbili wenye kivutio cha haraka: ukivuta kwenda mbele mkanda unalegea upate kulenga, ukivuta kwenda nyuma unakaza, bunduki inabana kifuani na mikono miwili inabaki huru. Wa ncha tatu niliujaribu asubuhi moja tu. Kuuvaa ni sawa na kujivisha hatamu za farasi gizani.

Mzee wa Ngozi:
Nasoma hapa kana kwamba mkanda ni kamba ya kubebea mzigo tu. Ndugu zangu, mkanda ni mkono wa tatu. Mimi natumia mkanda wa ngozi wa mtindo wa M1907, ule wa jeshi la Marekani wenye vipande viwili na ndoano, na sijawahi kufunga kishikio chochote mbele ya bunduki yangu. Ukilala kifudifudi, unaingiza mkono unaoshika mbele ndani ya kitanzi, unakipandisha juu kabisa karibu na kwapa na kukikaza, kisha unapeleka kiganja mbele mpaka kikabane na pete ya mkanda. Kiwiko kikikaa chini ya bunduki, mifupa ndiyo inayobeba uzito na misuli inapumzika.

Mwanzoni nilikuwa nakifunga kitanzi katikati ya mkono, na kila nikilenga niliona ncha ya kulengea iliyo mbele ya mtutu ikidunda juu, chini, juu, chini. Nilidhani ni hofu. Kumbe yalikuwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe, kwa sababu kitanzi kilikuwa kimekandamiza mshipa wa damu! Nilipokipandisha, mdundo ukapungua sana.

Shabaha Polepole:
Kwa heshima zote, Mzee, umesahau kumwambia jambo moja ambalo linaweza kumpotezea msimu mzima. Ikiwa pete ya mbele imefungwa kwenye mtutu wenyewe, au kwenye kinga inayougusa mtutu, ukikaza mkanda kwa nguvu unauvuta mtutu, na risasi zinahama. Niliwahi kulenga vizuri kabisa nikiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, kisha nikafunga mkanda nikalala, na kundi zima la matundu likashuka chini ya duara. Nilizungusha marekebisho ya darubini mchana kutwa, na darubini haikuwa na kosa lolote.

Mzee wa Ngozi:
Sikusahau. Anayejua bunduki yake hulenga huku mkanda umekazwa tangu mwanzo.

Shabaha Polepole:
Na siku atakayopiga bila mkanda atafanyaje? Kinga isiyogusa mtutu inalimaliza tatizo hilo bila falsafa.

Mzee wa Ngozi:
Na tulivyopiga sisi miaka yote kabla ya kinga hizo?

Nyasi Ndefu:
Mlikuwa mnakosa, Mzee, ila hapakuwa na mahali pa kuandika.

Kokwa:
Turudi kwa mwenye mada. Unasema umekirudisha kishikio mara tatu, je, kinalegea? Kwenye M-LOK skrubu ikikazwa, kokwa (nati) iliyo ndani inapaswa kugeuka robo mzunguko ili ikae kwa mapana nyuma ya tundu. Mimi nilikaza bila kuchungulia, nikahisi imekaza, na kishikio kikabaki mkononi mwangu katikati ya zoezi. Kila mtu aliniangalia nikiwa na bunduki mkono mmoja na kishikio mkono wa pili. Legeza, igeuze, chungulia kwa tochi, kaza tena.

Halafu acha kukikumbatia kishikio cha wima kama mpini wa jembe. Kiwe alama ya kuegemeza nyuma ya kiganja, gumba likiwa ubavuni, unaivuta bunduki kidogo kuelekea begani. Ukikumbatia kwa ngumi, kiwiko kinatoka nje na mdomo wa bunduki unacheza.

Bega la Kushoto:
Mimi nakumbatia, na napiga vizuri.

Kokwa:
Hongera.

Raia Makini:
Kabla ya kununua, someni sheria za mahali mlipo. Nchini Marekani, kwa mfano, kufunga kishikio cha wima kwenye bastola kunaweza kuiingiza katika kundi la silaha zinazosajiliwa chini ya sheria ya taifa ya silaha (NFA) ya mwaka 1934.

Nyasi Ndefu:
Mwenzetu ameuliza kuhusu bunduki.

Pete ya Mbele:
Sikukusudia kuandika, lakini maneno kuhusu pete yamenikumbusha jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka viganja vinatoka jasho. Nilikuwa na bunduki ya kuwindia ya bolti, ile unayoipakia kwa kuvuta komeo kwa mkono, yenye ubao wa mbele, na pete ya mkanda ilishikwa na skrubu moja iliyozama ndani ya mti. Nilikuwa nimeibeba begani msimu mzima. Kila hatua uzito ulikuwa ukiivuta ile skrubu na kuizungusha kidogo kidogo, nami sikuwahi kuigusa kuikagua.

Tulikuwa tukimfuatilia nguruwe pori aliyejeruhiwa na mwenzangu, jambo ambalo mtu halifanyi kwa starehe bali kwa wajibu. Niliposhuka ukingo wa kijito skrubu ikachomoka, mkanda ukanipita begani kama nyoka, na bunduki ikaanguka mdomo ukitangulia, ikasimama kwenye matope. Niliichomoa upesi, nikaifuta kwa mkono. Wakati huohuo nguruwe akatokea upande wa pili, hatua ishirini, ametuelekea, na mwenzangu ambaye bunduki yake ilikuwa imekwisha risasi akawa ananong'ona, "Piga! Piga!"

Nilikuwa nimeshaiweka begani, na kidole kilikuwa kinashuka kuelekea kwenye kifyatulio. Sijui ni nini kilichonizuia. Niliivuta bolti, nikatoa risasi, nikaichomoa bolti yote na kuchungulia kutoka nyuma. Ukichungulia mtutu safi unaona duara la mwanga. Mimi niliona giza. Tope lilikuwa limeziba karibu upana wa vidole viwili, na kama ningepiga, mtutu ungeweza kupasuka mbele ya uso wangu.

Mtutu Baridi:
Pole sana, ndugu. Nimeacha chai ikapoa.

Nyasi Ndefu:
Na nguruwe?

Pete ya Mbele:
Alitutazama, akageuka, akaingia vichakani. Tulimkuta jioni amekwisha kufa.

Shabaha Polepole:
Tia gundi ya kufungia skrubu.

Mzee wa Ngozi:
Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Kwenye mti weka skrubu inayopenya na kushikwa na kokwa upande wa ndani, na kila asubuhi vuta mkanda kwa nguvu kabla ya kutoka. Hili nadhani hata wenye kinga za kisasa hawatalipinga.

Kokwa:
Hatulipingi, Mzee. Ila pete zikigongana porini wanyama wanasikia. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mtutu Baridi, jaribu hivi: hakikisha bunduki ni tupu, fumba macho, ipandishe begani mara kumi, na mtu abandike utepe kila mahali kiganja kinapotua. Hapo ndipo kishikio kinapokaa. Kikitua karibu na mdomo wa bunduki, weka kizuizi kidogo cha mkono, kipande kifupi kinachozuia kiganja kisiteleze mbele, badala ya kishikio kirefu, kwa sababu kirefu kitakukera pia ukitaka kuegemea mfuko wa mchanga.

Mtutu Baridi:
Nimefanya hivyo usiku huu na mke wangu ndiye aliyebandika utepe. Mara nane kati ya kumi kiganja kilitua vidole vinne mbele ya kishikio, kumbe muda wote nilikuwa nikijilazimisha kurudi nyuma. Kokwa moja pia haikuwa imegeuka. Nimekiondoa na nitaweka kizuizi kifupi, na mkanda utakuwa wa ncha mbili, pete ya mbele ikirudi nyuma karibu na chemba ili utepe usilalie tena mtutu. Swali la mwisho: mkia wa mkanda unaoning'inia baada ya kurekebisha urefu, niukate?

Bega la Kushoto:
Ukunje, ufunge kwa mpira. Usiukate kabla ya kuujaribu juu ya koti zito.

Nyasi Ndefu:
Mimi niliukata mwezi wa joto.